Orodha Iliyomtii Mbuzi

Mzee Boga Chome alikuwa ameshika ukatibu wa kikundi cha wafuga mbuzi cha Mwamtsola kwa miaka saba, na duniani hapakuwa na kitu alichokipenda kuliko ukatibu huo, ukimwondoa mkewe Kahaso, na hata hapo Kahaso mwenyewe alikuwa na shaka. Kila alipokwenda sokoni Kikoneni alivaa shati lenye mfuko kifuani, na mfukoni alipanga kalamu tatu, ya buluu, nyeusi na nyekundu, ili mgeni akiuliza katibu ni nani asipate taabu ya kuonyeshwa.

Jumatatu moja mwenyekiti wa kikundi, Mzee Kaingu Jefwa, aliingia uani kwake akiwa na habari mbili. Ya kwanza ilikuwa njema. Mradi wa mifugo wenye ofisi Ukunda ulikuwa umekubali kuijengea Mwamtsola josho la kuogeshea mbuzi, almuradi kikundi kionyeshe wanachama wasiopungua sitini. Ya pili ilikuwa na miiba. Orodha ya wanachama haikutakiwa tena kwa daftari. Ilitakiwa kwa kompyuta, kwenye jedwali, tena jedwali lenye akili: ofisa wa mradi, binti aitwaye Gillian, angekuja Alhamisi asubuhi, abonyeze kisanduku kimoja na kuchagua jina la mwanachama, na kisanduku cha pili kifunguke chenyewe kimwonyeshe mbuzi wa mwanachama huyo, wake tu, pasiwe na wa jirani hata mmoja.

"Ukiweza, uendelee kuwa katibu," alisema Kaingu. "Usipoweza, kazi hiyo na ukatibu wake tutampa Dolphine."

Dolphine alikuwa mke wa mtoto wa Kaingu, binti wa bara aliyefanya kazi katika saiba moja ya Ukunda, duka la kompyuta za kukodi, na alijua kuchapa huku akitazama dirishani. Mzee Boga hakuwa na kinyongo naye. Kosa la Dolphine lilikuwa moja tu, kwamba kazi hiyo angeiweza.

"Mimi nimesoma," alijibu Mzee Boga.

Na kweli alikuwa amesoma. Alipotimiza miaka sitini na miwili alijiandikisha katika masomo ya jioni ya watu wazima huko Msambweni, akakaa dawati moja na wapishi wa hoteli na walinzi wa majumba, akapata cheti chake, kisha akaongeza kozi ya kompyuta kwa Mwalimu Shem. Kompyuta yenyewe aliipata kwa Hesbon, mtunza stoo wa hoteli moja ya Diani, kwa kubadilishana na mbuzi watatu. Hao ndio waliokuwa mbuzi wake wa mwisho. Tangu siku hiyo katibu wa wafuga mbuzi hakuwa na mbuzi hata wa dawa. Katiba ya kikundi ilisema wazi kwamba mwanachama ni mwenye mbuzi, na asiye mwanachama hana cheo. Lakini katiba iliandikwa na katibu, ikatunzwa na katibu, na msomaji wake pekee alikuwa katibu.

Jumanne alfajiri alikaa barazani, kompyuta mapajani, akaanza. Kahaso, aliyekuwa akipepeta mahindi karibu naye, alimuuliza ni kazi gani hiyo isiyotoa jasho. Mzee Boga akamweleza kwa utaratibu kama alivyoelezwa yeye na Mwalimu Shem. Kila mwanachama anatengenezewa orodha ya mbuzi wake, na orodha hiyo inapewa jina la mwanachama. Kisanduku cha pili kinawekewa fomula. Kazi ya fomula ni kusoma jina lililochaguliwa katika kisanduku cha kwanza, kisha kwenda kuifungua orodha yenye jina hilo hilo.

"Cha pili hakina neno lake mwenyewe," alisema. "Kinangoja cha kwanza kiseme."

"Kama mkaza mwana aliyeletwa jana."

"Hivyo hivyo."

"Basi ngoja kizoee nyumba," alisema Kahaso, akaendelea kupepeta.

Hadi adhuhuri mambo yalikwenda vizuri. Mzee Boga alimwingiza Kaingu Jefwa na mbuzi wake kumi na wanne, akabonyeza, na mbuzi kumi na wanne wakateremka kwenye kioo wakiwa kwenye mstari, mmoja aitwaye Jaji akiwa wa kwanza. Alicheka peke yake. Akamwingiza Chome Boga, mwanawe. Akamwingiza Boga Chome, mtoto wa mwanawe huyo, kijana mwenye mbuzi watano. Kisha akafika kwake mwenyewe, akaandika Boga Chome, na kompyuta ikakataa. Ilimwandikia kwamba jina hilo lipo tayari.

Aliona kwamba kompyuta imemkosea adabu, lakini akavumilia. Alijaribu tena. Jina lipo. Akajaribu kwa herufi kubwa. Jina lipo vilevile. Akakubali shingo upande orodha hizo mbili ziunganishwe, akasonga mbele, na ndipo alipoanza kuelewa ukubwa wa jambo lililokuwa limemkalia barazani.

Kwani Mwamtsola ilianzishwa na mababu wanne, na huko mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Boga humzaa Chome, Chome humzaa Boga, Boga humzaa Chome, na mzunguko huo haujapata kusimama tangu watu waanze kukumbuka. Wasichana nao hupokea majina ya bibi zao kwa utaratibu huo huo. Majina mawili hayasaidii chochote, maana mjukuu hufanana na babu yake jina la kwanza na la pili. Barabarani hakuna aliyepata kutatizika, kwa kuwa mtu anamwona Boga anayemtaka, kama ni yule mwenye mvi au yule mwenye pikipiki. Kompyuta haikuwa na macho.

Jioni ya Jumanne jua lilipokuwa bado liko juu ya mikorosho, Mzee Boga alimaliza kuingiza wanachama wote sitini na wanne. Akaamuru kompyuta ihesabu. Kompyuta ikahesabu kumi na tisa.

Alichagua jina lake mwenyewe aone litatoa nini. Wakateremka mbuzi kumi na mmoja. Kwa muda kidogo moyo wake ulifurahi, maana tangu aanze masomo hakuwa amemiliki mifugo mingi kiasi hicho. Kisha akawatambua: watano walikuwa wa mjukuu wake, na sita wa binamu zake wawili.

Jumatano asubuhi wazee waliitwa kwenye stoo ya mahindi ya kikundi. Mzee Boga aliwaonyesha kioo, akawaeleza kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba kwamba kompyuta imewapunguza watu sitini na wanne hadi kumi na tisa. Alitarajia ghadhabu. Badala yake wazee walisogea karibu, wakatazama, wakaguna kwa heshima.

Mzee Kalama, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na asiyeona vizuri, aliomba asomewe majina. Aliposomewa yote kumi na tisa alitikisa kichwa.

"Kompyuta hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Diani, Mzee."

"Aliyeitengeneza ni mtu wetu. Babu zangu waliniambia mjukuu si mtu mwingine, ni babu mwenyewe amerudi. Nilidhani siku hizi mambo hayo hayajulikani. Kumi na tisa ni sawasawa. Tumekuwa kumi na tisa tangu tutoke Shimba."

Wazee wengine waliafiki. Kaingu peke yake hakufurahi, au labda alifurahi kwa njia nyingine, maana alikumbusha kwamba josho linataka sitini na kwamba Dolphine hana kazi kesho. Mzee Boga akaona kalamu zake zikimponyoka. Akapendekeza watu watiwe namba: Boga Chome wa kwanza, Boga Chome wa pili. Mzee Kalama alimtazama kwa huzuni, akamwuliza kama yu tayari kusimama mbele ya makaburi amwambie marehemu babu yake kwamba amekuwa wa kwanza na kuna mwingine. Namba ikafa hapo hapo. Akapendekeza namba za vitambulisho, lakini alipojaribu, kompyuta ilikataa orodha yoyote ambayo jina lake linaanza na tarakimu. Mtu akasema zitumike lakabu. Hilo nalo lilishindikana, kwa sababu lakabu za wanaume wa Mwamtsola haziwezi kusomwa mbele ya mkwe, na Gillian alikuwa rika la mkwe.

Ndipo alipoingia Sidi, mweka hazina wa kikundi, mama mwenye maneno machache, akiwa amechelewa kwa sababu ya mbuzi wake. Alielezwa shida. Alisikiliza akiwa bado amesimama mlangoni.

"Mkinitafuta kwa jina langu mtapata kina Sidi sita," alisema. "Mkimtafuta mwenye Nimechoka, mtanipata mimi."

Nimechoka alikuwa mbuzi wake jike. Katika Mwamtsola mbuzi hupewa jina la jambo lililotokea siku aliyozaliwa, na jina la mbuzi aliyechinjwa au kuuzwa halitumiki tena, lisije likamwitia mwingine kisu. Ndiyo maana kulikuwa na Jaji, na Mtalii, na Stima-Imepotea, na Fundi-Kaenda, na Kura-Yangu, na kila mmoja wao alikuwa peke yake chini ya mbingu. Watu walirudiwa. Mbuzi hakurudiwa.

Mzee Boga alifungua kompyuta, akaigeuza kazi yote juu chini. Kila mwanachama alitoa mbuzi mmoja wa kumtangulia. Jina la mbuzi likaingia kisanduku cha kwanza, na mwenye mbuzi akaingia cha pili pamoja na mifugo yake iliyobaki. Kompyuta haikukataa hata jina moja, ila ilitaka maneno yaunganishwe kwa kistari cha chini, na Fundi-Kaenda hakulalamika. Kufikia saa nane mchana wazee walibonyeza kwa zamu. Mtu akichagua Jaji, Kaingu Jefwa aliteremka. Akichagua Nimechoka, alikuja Sidi. Kompyuta ikahesabu sitini na tatu.

"Sitini na nne," alisahihisha Kaingu.

"Sitini na tatu," alisema Mzee Boga polepole.

Alikuwa ameliona kabla yao. Sasa njia ya kumfikia mtu ilipitia kwa mbuzi, na asiye na mbuzi hapakuwa na mshale wa kubonyeza ili kumfikia. Josho lilikuwa limepatikana. Aliyelitafuta alikuwa ametoka nje ya jedwali lake mwenyewe, na kwa katiba aliyoiandika kwa mkono wake, alikuwa ametoka nje ya ukatibu.

Kaingu aliomba aletewe katiba. Aliisoma kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa makini, akifuata mistari kwa kidole. Kisha akasema bila ubaya kwamba watazungumza kesho baada ya mgeni kuondoka, na kwamba Dolphine ataarifiwa.

Mzee Boga alirudi nyumbani akamkuta Kahaso akiwafunga mbuzi. Kahaso alikuwa na mbuzi tisa, wake mwenyewe, waliotokana na jike aliyepewa na mama yake. Wanane kati yao aliwahesabu kama watoto. Wa tisa alikuwa jike mzee aliyeacha kuzaa zamani, aliyepewa jina la Mstaafu kwa kuwa alizaliwa siku ambayo mwalimu mkuu wa Kikoneni aliagwa akistaafu. Mzee Boga aliketi juu ya kinu akamweleza mkewe yote, na mwishowe akamwomba Mstaafu.

Kahaso alisema hampi mbuzi mtu aliyebadilisha watatu kwa sahani ya plastiki.

"Simtaki awe wangu," alisema Mzee Boga. "Nataka niandikwe chini yake tu."

"Uandikwe chini ya mbuzi wangu?"

"Ndiyo."

"Kama mtoto wake?"

"Kwa namna ya jedwali, ndiyo. Cha pili kinakitegemea cha kwanza."

Kahaso aliacha kamba, akakaa chini kulifikiria jambo hilo, kwa maana alikuwa mtu wa kupenda ukoo unyooke. Mstaafu, alisema, yeye alimlea tangu ananyonya, kwa hiyo Mstaafu ni mwanawe. Boga akiwa mtoto wa Mstaafu, basi Boga ni mjukuu wake yeye Kahaso. Sasa anawezaje kulala nyumba moja na mjukuu wake, na majirani wanajua kusoma? Miaka mitano ya masomo ya jioni haikuwa imegusa mada hiyo.

Kivuli cha banda kikafika miguuni pao. Kisha Kahaso akaanza kucheka kidogo kidogo.

"Bibi humwitaje mjukuu wake wa kiume?" aliuliza.

"Humwita mume wangu."

"Basi hakuna kilichoharibika. Tutaitana kama tulivyozoea." Akainuka, akakung'uta kanga. "Mwandike. Lakini majani yake utakata wewe, baba Chome, na usiponikatia mchana namtoa kwenye hiyo kompyuta yako."

Alhamisi saa nne Gillian alifika kwa pikipiki kutoka Ukunda, vumbi hadi kwenye nyusi, na baada ya Mwamtsola alikuwa na vijiji vinne vingine. Aliwaamkia wazee shikamoo kila mmoja, akaitikiwa, akakalishwa. Mzee Boga alimsogezea kompyuta kwa mikono miwili.

Gillian alibonyeza Mtalii, akabonyeza Kura-Yangu, akabonyeza Stima-Imepotea. Kila kisanduku cha pili kilifunguka na mtu wake mmoja pamoja na mifugo yake. Alibonyeza kwa kasi, akijaribu kukichanganya, na hakikuchanganyika. Alisema ametembea kaunti nzima na hajaona jedwali safi namna hii, kwamba kule kwingine mtu akibadilisha kijiji katika kisanduku cha kwanza, jina la zamani linabaki palepale katika cha pili, na juzi walimtuma kwa mashua hadi Funzi kumtafuta ng'ombe aliyekuwa Kikoneni siku zote.

"Lakini hapa safu ya kwanza ni wanachama, sivyo?" aliuliza. "Sistimu yetu inasoma safu ya kwanza pekee."

Wazee walitazamana. Mzee Boga alisema ndiyo, safu ya kwanza ndiyo inayotangulia.

"Sawa. Wako sitini na wanne. Josho limepita. Sasa nipeni viongozi, nifunge fomu."

Fomu ya viongozi ilikuwa katika kompyuta ya Gillian mwenyewe, alikokwisha kuihamishia orodha, nayo ilikuwa na mishale yake. Alibonyeza penye mwenyekiti, na kilichoteremka kilikuwa mbuzi sitini na wanne. Alimwuliza Kaingu yeye ni yupi. Kaingu alieleza kwamba yeye ni mtu, anaitwa Kaingu Jefwa, na yuko chini ya Jaji. Gillian alimtafuta Kaingu kwenye orodha, hakumwona, akaona Jaji, akamchagua Jaji.

"Mwanangu, Jaji ni beberu," alisema Kaingu.

"Mzee wangu, mimi siwezi kuandika kitu hakiko kwa orodha. Inakataa. Wewe utasaini kwa niaba yake, hapa chini kuna nafasi."

Jaji akawa mwenyekiti. Nimechoka akawa mweka hazina. Gillian alipouliza katibu, Kaingu alifungua mdomo kusema neno kuhusu Dolphine, lakini Dolphine hakuwa na mbuzi, wala hakuwa na habari. Baadaye alipoambiwa alishangaa ni nani aliyemwuliza kama anataka. Mzee Boga alikohoa.

"Mstaafu," alisema.

Gillian alibonyeza Mstaafu, na chini yake likateremka jina moja peke yake, Boga Chome, bila mbuzi mwingine wa kulisindikiza. Fomu ikafungwa. Kabla hajapanda pikipiki, Gillian aliwasomea sharti la mradi: kiongozi habadilishwi ila afe, auzwe nje ya kata, au ajiuzulu kwa barua aliyoiandika mwenyewe.

Kaingu hakuwa mtu wa kukata tamaa. Mwezi uliofuata, mafundi walipoanza kuchimba msingi wa josho, aliitisha mkutano katika stoo na kuweka ajenda tatu, ya tatu ikiwa ni kumbadilisha katibu. Kwa kuwa mradi ulitaka viongozi wahudhurie, Jaji alifungwa kwenye nguzo ya kulia, Nimechoka kwenye mlango, na Mzee Boga akamleta Mstaafu kwa kamba, amelishwa, amepigwa brashi, akamweka mbele ya gunia la mahindi ili atulie. Ajenda ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Kaingu akasimama, akamgeukia Mstaafu, akasema kwamba kwa desturi ya kikundi anayenyamaza amekubali, na kama katibu ana pingamizi la kuondolewa aseme sasa.

Mstaafu alinyamaza. Kaingu akaanza kukaa chini akiwa na uso wa ushindi.

"Samahani," alisema Mzee Boga. "Anayeuliza swali hilo kwenye mkutano ni mwenyekiti. Mwenyekiti hajauliza."

Macho yote yakaenda kwenye nguzo ya kulia. Jaji alikuwa amesimama akitafuna, akitazama ukutani. Mzee Kalama aliagiza apewe nafasi, asiharakishwe. Walimngoja hadi adhana ya adhuhuri ikasikika, na Sidi akasema kwamba Nimechoka ana kiu. Mkutano ukafungwa. Mzee Boga alifungua kompyuta juu ya goti, akaandika kumbukumbu kwa Kiswahili kilichonyooka, na alipofika ajenda ya tatu aliandika hivi: Mwenyekiti alipewa nafasi ya kulizungumzia jambo hili. Hakuitumia.